Wimbo Mmoja, Mikono Mingi: Wapiga Chelo Wakubwa Masikioni mwa Langas

Aliyewahi kukaa ukumbini siku nzima wakati wa Tamasha la Muziki la Kenya anajua jinsi sikio linavyofunzwa. Kwaya ya kwanza hupanda jukwaani na kuimba wimbo wa lazima, uliochaguliwa kwa ajili ya shule zote za kundi lake. Ikishuka, ya pili hupanda na wimbo uleule. Kisha ya tatu, ya sita, ya kumi. Kufikia saa sita mchana hata mzazi aliyekuja kumshangilia mwanawe tu huanza kunong'ona na jirani yake: hawa wamekimbiza, wale walivuta pumzi katikati ya neno, besi ya shule ya kwanza ilizama. Hakuna aliyemfundisha nadharia ya muziki. Wimbo haukubadilika, kwa hiyo kilichobaki cha kusikiliza ni waimbaji wenyewe.

Tamasha hilo lilianza mwaka 1927, na kwa karibu karne nzima limewajengea Wakenya desturi ambayo kwingine huachiwa wataalamu: kusikiliza kazi moja ikifanywa na watu wengi, kisha kueleza ni kwa nini huyu amempita yule. Mwenye desturi hiyo tayari ana ufunguo wa ulimwengu wa chelo, ala ambayo wengi wameiona kwa mbali tu, kwenye arusi ya kifalme iliyorushwa na televisheni au mwishoni mwa filamu ya huzuni.

Chelo ni ya ukoo wa fidla, ila ni kubwa zaidi. Ina nyuzi nne na urefu wa sentimita 120 hivi. Mpigaji huketi akaishika katikati ya magoti, ncha ya chuma ikisimama sakafuni. Mkono wa kushoto unabana nyuzi, wa kulia unavuta upinde wenye nywele za mkia wa farasi zilizopakwa ulimbo ili zishike uzi. Uzi mnene kuliko wote ukipigwa wazi hutetemeka mara 65 hivi kwa sekunde, na hapo ni chini ya noti wanazofikia waimbaji wengi wa besi. Uzi mwembamba, mkono ukishuka kuelekea kwenye daraja la nyuzi, hufika walipo soprano. Sauti zote za kwaya zimo ndani ya ala moja, na labda ndiyo sababu watu wasioijua kabisa husimama wanapoisikia mara ya kwanza.

Langas, mtaa mkubwa wa Eldoret ulio kando ya barabara ya kwenda Kapsabet na Kisumu, hauna ukumbi wa okestra. Muziki wake unatoka makanisani, kwenye maduka ya simu, ndani ya matatu na katika sherehe za majumbani. Kwa hiyo mkazi wa Langas akitaka kuwaona wapiga chelo mashuhuri kama Pablo Casals au Jacqueline du Pré, atawaona palepale anapowaonea mtu wa Tokyo au wa Lima: kwenye YouTube, kwa bando la jioni. Wapigaji hao wawili walishafariki zamani, na hakuna tikiti ya bei yoyote inayoweza kuwarudisha jukwaani. Katika jambo hili Langas na London ziko sawa.

Tahadhari moja tu. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito. Uzi wa chini wa chelo ukipitia hapo hupoteza mwili wake wote na kubaki mkwaruzo. Afadhali spika za masikioni za bei nafuu, au spika ile kubwa ya kwaya siku ambayo kanisa halina ibada.

Wimbo wa lazima wa wapiga chelo duniani kote ni Preludi, yaani kipande cha ufunguzi, ya Suiti ya Kwanza ya Johann Sebastian Bach. Bach alitunga suiti sita, yaani mikusanyo ya vipande vya mtindo wa ngoma, za chelo peke yake, bila kinanda wala okestra, mnamo mwaka 1720 hivi alipokuwa akitumikia jumba la mtawala wa Köthen, Ujerumani. Preludi hiyo ina mizani 42 na kwa kawaida huisha kabla ya dakika tatu. Hati iliyoandikwa kwa mkono wa Bach mwenyewe imepotea. Nakala inayotegemewa zaidi ni ile ya mke wake, Anna Magdalena. Nakala hiyo haisemi mwendo uwe wa kasi gani. Karibu haisemi chochote kuhusu pa kupaza na pa kunong'ona. Hata alama za upinde, zinazoonyesha noti zipi ziunganishwe kwa mvuto mmoja, zinabishaniwa hadi leo. Kila mpigaji analazimika kuamua mwenyewe, na maamuzi hayo ndiyo anayoyatafuta msikilizaji.

Wa kwanza kusikilizwa ni Casals, kwa sababu bila yeye huenda wengine wasingekuwapo. Alizaliwa mwaka 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, Katalunya. Alikuwa na miaka 13 alipoingia na baba yake katika duka la vitabu vya muziki huko Barcelona na kukuta suiti hizo zikiuzwa. Wakati huo ulimwengu uliziona kama mazoezi ya vidole tu. Casals alizifanyia kazi faraghani kwa miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga suiti nzima mbele ya watu, na hakuzirekodi zote mpaka kati ya 1936 na 1939, akiwa na miaka 60 hivi, huku nchi yake ikiteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Rekodi hizo zina mikwaruzo ya sahani za santuri za enzi hizo. Msikilizaji avumilie. Chini ya mikwaruzo kuna mtu anayepiga Bach kama jambo la dharura, anayeegemea noti za chini kwa uzito na kuharakisha anapoona mwanya, bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Kisha aje Yo-Yo Ma. Mmarekani huyu wa asili ya Kichina, aliyezaliwa Paris mwaka 1955, alirekodi suiti zote sita mara tatu: akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, akiwa mtu mzima wa miaka ya arobaini, na akiwa amevuka sitini, katika albamu iliyotoka mwaka 2018. Hii ni nafasi adimu, maana hapa analinganishwa mtu na nafsi yake. Ma wa kwanza ni laini, kila noti ikiteleza kwenda kwa jirani yake pasipo mshono. Ma wa tatu ana nafasi za kupumua ambazo yule kijana hakuzihitaji.

Na wa tatu awe Anner Bylsma wa Uholanzi, katika rekodi yake ya mwaka 1979. Bylsma alitumia chelo ya mtindo wa zama za Bach, yenye nyuzi za utumbo na isiyo na ncha ya chuma, hivyo ala inashikwa kwa miguu. Sauti ni nyembamba na kavu zaidi. Noti zake hazitiririki. Zinasemwa moja moja, nyingine kwa mkazo na nyingine kwa kupitwa tu, kwa mpangilio wa mazungumzo. Mtu aliyezoea utamu wa Ma anaweza kudhani kuna kasoro. Asubiri mpaka mara ya tatu au ya nne kabla ya kuhukumu.

Kutazama ni jambo jingine, na kunahitaji uangalifu zaidi ya kusikiliza. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha utafiti uliowasumbua wanamuziki wengi. Aliwapa watu vipande vifupi vya mashindano ya muziki wa klasiki, wengine wakiona video bila sauti, wengine wakisikia sauti bila video, kisha akawauliza wabashiri nani alishinda. Waliotazama bila kusikia chochote ndio waliobashiri vizuri zaidi, na wanamuziki wenye ujuzi nao walikuwa vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba hata majaji wanaoamini wanahukumu kwa masikio wanahukumu kwa macho. Yanayowavuta ni mwili unaoyumba, nywele zinazorushwa na uso unaokunjamana.

Kwa hiyo mpangilio wa busara ni kuilaza simu kifudifudi mara ya kwanza, kisha kutazama mara ya pili. Na anapotazama, mtu auache uso na kuufuata mkono wa kulia. Upinde ukivutwa karibu na daraja la nyuzi, sauti huwa ngumu na yenye makali. Ukisogea kuelekea ubao wa vidole, hulainika. Aangalie ni sehemu gani ya upinde inayotumika, kiasi gani, na mkono unaanza kugeuka kabla au baada ya noti. Janos Starker, Mhungaria aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alipiga akiwa ametulia kabisa, uso hausemi kitu. Mtazamaji mwenye haraka husema hana hisia. Anayeufuata upinde wake huona kwamba hisia zote zilikuwa zimehamia huko. Pierre Fournier wa Ufaransa aliugua polio utotoni na kulazimika kuacha piano, kwa kuwa mguu haukuweza kukanyaga pedali vizuri, akahamia kwenye chelo. Mkono wake wa upinde ukaja kuwa miongoni mwa ile iliyosifiwa zaidi karne ya ishirini.

Du Pré ni kinyume cha Starker kwa kila jambo linaloonekana. Agosti 1965, akiwa na miaka 20, alirekodi Koncheto ya Chelo ya Edward Elgar na London Symphony Orchestra chini ya John Barbirolli. Koncheto ni kazi ndefu ambamo mpigaji mmoja hukaa mbele ya okestra nzima, akijibizana nayo. Elgar aliitunga mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha na dunia aliyoijua ikiwa imekwisha pia. Usiku wa kwanza wa kuipiga, Oktoba mwaka huohuo, uliharibika kwa sababu okestra haikupewa muda wa kutosha wa mazoezi. Katika safu ya chelo usiku ule alikuwemo kijana mmoja aitwaye John Barbirolli. Miaka 46 baadaye ndiye aliyesimama mbele ya du Pré kuongoza rekodi iliyoifanya kazi hiyo ipendwe na ulimwengu.

Ipo pia filamu ya Christopher Nupen ya mwaka 1967 inayomwonyesha du Pré akiipiga kazi hiyo, mumewe Daniel Barenboim akiongoza okestra. Ni mwanamke mwenye nywele ndefu anayetupa mwili mzima ndani ya upinde. Mwaka 1973 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa neva ambao ulikuwa umeshaanza kumnyang'anya hisia za vidole. Hakupiga tena hadharani, na alifariki Oktoba 1987 akiwa na miaka 42. Mtazamaji ajitahidi kuisikiliza ile rekodi ya 1965 kana kwamba hajui habari hii. Ni vigumu, lakini haki ya mpigaji inadai hivyo: msichana yule wa miaka 20 hakuwa akiomboleza ugonjwa wake. Alikuwa na afya, na alichokuwa akikifanya kilikuwa uamuzi.

Pembeni ya rekodi hiyo iwekwe ya Beatrice Harrison ya mwaka 1928, ambayo Elgar mwenyewe aliiongoza. Jambo la kwanza linaloshtua ni mwendo: mtunzi haburuzi huzuni yake, anaipitisha kwa hatua ya haraka. La pili ni kuteleza. Harrison anapotoka noti moja kwenda nyingine, kidole chake hakiruki. Kinaburuzika juu ya uzi na kila mtu anakisikia kikisafiri. Huo ulikuwa mtindo wa wakati wake. Wapigaji wa leo wameupunguza sana, na baadhi ya wasikilizaji wa mijini Ulaya huuona kuwa wa kizamani.

Hapo ndipo sikio la Langas linapokuwa na mtaji wake. Katika mtaa huu, wenye sehemu iitwayo Kisumu Ndogo, wanaishi Waluo, Waluhya, Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii na wengine, na kati ya Waluo na Waluhya iko ala ya upinde iliyotangulia chelo kufika masikioni mwao. Waluo huiita orutu. Waluhya wana ndugu yake, shiriri. Orutu ina uzi mmoja, mzinga wa mti uliofunikwa kwa ngozi ya kenge, na upinde mdogo. Haina ubao wa vidole. Kidole hugusa uzi ukiwa hewani, kwa hiyo sauti hupanda na kushuka kwa kuteleza; kuteleza ndiko kuimba kwake. Aliyekua akisikia orutu matangani hatauona mtindo wa Harrison kuwa wa kizamani hata kidogo. Atatambua mara moja kwamba uzi unalia.

Na huyo huyo anaweza kufanya ulinganisho ambao haumo katika vitabu vya chelo. Asikilize kundi la Kenge Kenge, lililoiingiza orutu katika mdundo wa jukwaa la kisasa na kutoa albamu ya kimataifa mwaka 2007, halafu amsikilize Labdi Ommes, mwanamke aliyeishika orutu ingawa mila iliitunza kwa wanaume. Kisha avuke mpaka na kumsikiliza Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki Desemba 2003. Zawose alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuzunguka dunia na zeze kubwa la Wagogo, lenye nyuzi kadhaa zinazovutwa kwa upinde huku yeye mwenyewe akiimba juu yake. Maswali ni yaleyale: upinde unaanza vipi, pumzi iko wapi, mpigaji anafanya nini na noti ndefu? Anayeweza kuyajibu kwa Zawose anaweza kuyajibu kwa Casals.

Chelo yenyewe pia si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Pwani wanaijua. Okestra za taarab za Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club, zilifuata mfano wa okestra za Misri, na kwa njia hiyo chelo na besi kubwa zilikaa pamoja na fidla, udi, kanuni na akordioni. Humo kazi yake ni tofauti. Haisimami peke yake mbele. Inabeba melodia pamoja na fidla, chini yao, ikifuata mapambo na zile noti za katikati za Kiarabu ambazo piano haina. Kwa kuwa ubao wa chelo hauna vigawanyo, vidole viko huru kuzipata.

Magharibi, jijini Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha mwaka 1994 okestra ya waumini wa kanisa la Kimbangu, wengi wao wakiwa hawajawahi kugusa ala hizo kabla ya hapo. Ala zilipokosekana, baadhi zilichongwa palepale. Filamu ya mwaka 2010 iitwayo Kinshasa Symphony inawaonyesha wakifanya mazoezi ya Beethoven umeme ukikatika. Filamu hiyo inastahili kutazamwa na kila kiongozi wa kwaya wa Eldoret, kwa sababu tatizo la umeme na la ala analijua.

Nchini Kenya jina linalotajwa zaidi ni Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 huko Korogocho, Nairobi, jirani na jalala la Dandora. Watoto wa mtaa hujifunza ala za okestra katika viwanja vya kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane. Mradi huo umefika pia Mombasa. Langas na Korogocho zinafanana kwa mengi, na anayeuliza kama muziki huu unaweza kuota mizizi katika mtaa wa aina hiyo ana jibu lake hapo.

Kwa vijana wanaodhani chelo ni ya watu wengine, yuko Sheku Kanneh-Mason. Alizaliwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1999. Mama yake ametoka Sierra Leone, ukoo wa baba yake unatoka Antigua, na alisoma shule ya serikali. Wao ni ndugu saba, na wote ni wanamuziki. Mwaka 2016 alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda shindano la BBC la wanamuziki vijana, na tarehe 19 Mei 2018 alipiga katika arusi ya Mwanamfalme Harry na Meghan Markle huko Windsor, mbele ya mamilioni ya watazamaji. Rekodi yake ya Elgar ilitoka mwaka 2020. Amesema waziwazi kwamba du Pré alikuwa mfano wake tangu utotoni, na hilo linaufanya ulinganisho uwe mtamu zaidi. Mahali ambapo du Pré anapasua, Kanneh-Mason anajizuia; sauti yake ni ya mtu anayezungumza na mtu mmoja chumbani. Abel Selaocoe wa Sebokeng, Afrika Kusini, amekwenda njia yake nyingine: huimba kwa koo lake huku akipiga, hugonga mbao za chelo kama ngoma, na katika onyesho moja hutoka kwa Bach kwenda kwenye nyimbo za kwao bila kusimama. Asiyempenda Bach aanze na Selaocoe.

Lakini kama ni kuchagua kazi moja ya kusikiliza kwa wapigaji tofauti usiku wa leo, mwandishi huyu anachagua Koncheto ya Chelo ya Antonín Dvořák. Mcheki huyo aliiandika New York kati ya 1894 na 1895, akitamani nyumbani. Ndani yake aliweka sauti ya wimbo wake mwenyewe uliopendwa na shemeji yake, Josefina. Aliporudi kwao, Josefina alifariki, na Dvořák akauandika upya mwisho wa kazi hiyo ili chelo iukumbuke wimbo ule kabla okestra haijafunga.

Kuna rekodi tatu zinazosimama pamoja. Ya kwanza ni ya Casals, Prague, mwaka 1937, na okestra ya Wacheki wenyewe chini ya George Szell. Baada ya miaka miwili majeshi ya Hitler yaliingia katika mji huo. Upigaji wa Casals ni wa kifua mbele, bila machozi ya bure.

Ya pili ni ya Mstislav Rostropovich, Mrusi aliyezaliwa Baku mwaka 1927. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968, vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake viliingia Chekoslovakia kuzima mageuzi ya nchi hiyo. Jioni ya siku hiyohiyo, Rostropovich alikuwa amepangwa kupiga Dvořák katika Royal Albert Hall, London, na okestra ya taifa ya Sovieti. Nje kulikuwa na waandamanaji. Ndani, watu walipaza sauti za kupinga wakati muziki unaanza. BBC iliirusha na kuihifadhi, na yote hayo yanasikika. Rostropovich alipiga huku akilia, muziki wa Mcheki, mbele ya watu waliokuwa na kila sababu ya kumzomea kwa bendera aliyoiwakilisha. Chelo inaingia kwa ukali ambao haumo katika maandishi. Sehemu ya pili, ulipo ule wimbo wa Josefina, ukumbi unanyamaza. Mwishoni alikiinua juu kitabu cha noti za Dvořák ili wote wakione. Miaka iliyofuata alimhifadhi nyumbani kwake mwandishi mpinzani wa serikali, Aleksandr Solzhenitsyn, akaondoka nchini mwaka 1974 na kuvuliwa uraia mwaka 1978. Novemba 1989, ukuta wa Berlin ulipofunguliwa, alikwenda kukaa kwenye kiti mbele yake na kupiga Bach.

Ya tatu ni ya mtu huyohuyo, kazi hiyohiyo, mwezi mmoja tu baadaye: Septemba 1968, Berlin, na Berlin Philharmonic chini ya Herbert von Karajan. Hakuna kelele wala mwandamanaji. Mafundi wa sauti wamepanga kila kitu, noti hazitetereki, okestra inang'aa, na kwa miongo mingi rekodi hiyo imehesabiwa kati ya bora kabisa za koncheto hii. Kila anayeisikiliza ataelewa sababu.

Anayetaka kujua jinsi kazi hiyo ilivyo nzuri achukue ile ya Berlin. Anayetaka kujua upinde unaweza kubeba nini achukue ile ya London. Na mwenye bando la kutosha rekodi moja tu asisite: ni ya London, tarehe 21 Agosti 1968.